Shikamoo ya Peniel

Bibi Marietha aliuza vitunguu njia panda ya Mkiwa mpaka magoti yakamgomea, ndipo wanawe wakamleta kwenye makao haya ya wazee. Peniel, mhudumu, huwaamkia wazee kitanda kwa kitanda akigawa uji. Mzee Mughwai alipoanza kujikojolea, Peniel aliacha kumpa shikamoo. Halafu uji wake ukakoma, kisha maji, mwisho wakamzika. Bibi Flora naye hivyo hivyo.

Jana Marietha aliteleza bafuni, maana hakuna hata pa kujishikia. Leo ameshindwa kuinuka, na shuka limelowa. Peniel anafika, anamwamkia mzee wa kitanda cha jirani, kisha anampita yeye kama kitanda kitupu.

"Marahaba, mwanangu!" Marietha anapaza sauti. "Marahaba!"

Peniel hageuki.