Shanga za Mama Kwenye Ungo wa Kikundi

Kikundi chetu cha kutunga shanga kina sheria moja ambayo mpaka leo ikitajwa napandwa na hasira. Anayeleta shanga hatangazi. Anaingia barazani, anaweka kopo lake kando ya ungo, anakaa mkekani, anaanza kazi. Ukisema "jamani, nimeleta shanga," utaonekana unaringa, na wanawake wa Ng'ambo, mtaa wetu hapa Tabora, hawana subira na mtu anayeringa. Aliye karibu atalimimina kopo lote kwenye beseni, atazisugua shanga kwa sabuni, atazianika, kisha atazigawa kwa rangi kwenye ungo. Kuanzia hapo ni za wote. Sheria hiyo niliijua vizuri. Nilielezwa siku ya kwanza.

Nilijiunga baada ya kuacha ualimu kwa sababu ya magoti. Kukaa nyumbani kulinishinda, nikadhani shanga ni kazi ya kukaa tu, nitaiweza. Sikuiweza. Mwenyekiti wetu, mama mmoja aliyekuwa fundi cherehani miaka mingi, alikuwa anachukua hereni nilizohangaika nazo asubuhi nzima, anazifumua mbele ya wenzangu, anazirudisha shanga kiganjani mwangu. "Mwalimu, rudia." Mimi niliyewarudishia watoto wa watu madaftari maisha yangu yote. Nilikuwa narudia huku nimenuna.

Jambo jingine lililonikera ni ule uongo. Shanga zetu karibu zote ni za plastiki, zinaletwa na maduka kutoka Dar. Lakini akija mgeni, mwenyekiti anamwambia kwa sauti ya taratibu kwamba hizi ndizo shanga za misafara, zilizobebwa vichwani kutoka pwani hadi Tabora enzi za mababu. Nilimwambia siyo haki. Akaniambia, "Mwalimu, wewe tunga."

Nyumbani naishi na mama yangu. Nilimchukua kutoka kijijini Kigwa macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Shingoni alikuwa na mkufu wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Katika ukoo wetu, mwanamke akijifungua mapacha huvishwa shanga, uzi mmoja kwa kila mtoto, na za mama zilitoka kwa bibi yake, ambaye naye alizipata kwa bibi yake. Mimi ni mmoja wa mapacha hao. Ndugu yangu alikufa kwa surua kabla hatujaanza shule. Mama hakupunguza kitu shingoni.

Uzi mmoja ulikuwa mweupe. Wa pili ulikuwa mweusi, ingawa mama alisema ni wa bluu. Tulibishana juu ya hilo tangu nikiwa mdogo. Niliwahi kuuinua juani nikamwonyesha: mweusi tii, kwa mafuta, jasho na moshi wa jikoni. Akasema ni wa bluu, basi. Upi ulikuwa wangu na upi wa ndugu yangu hakuniambia, na mimi sikuuliza. Nafikiri niliogopa jibu.

Asubuhi moja, akinawa uso bombani, mkufu ulikatika. Nilitambaa uani nikiokota shanga moja moja kwa magoti haya haya yasiyokunjika, nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mama alikaa kizingitini akisikiliza. "Si unajifunza huko kwenu? Nitungie." Hakuwahi kuniomba kitu chochote kuhusu kazi ile. Niliona fahari, sitaficha.

Nilitaka kuutunga kwa uzi uliopakwa nta, ule tunaoutumia kikundini kwa kazi za kudumu, kwa hiyo kesho yake nilibeba kopo mpaka barazani. Nikaambiwa nta imekwisha, niende sokoni. Nikaliweka kopo chini, nikaondoka. Niliweka kando ya ungo, kimya, kama mkono wangu ulivyokwisha zoea.

Sokoni nilizunguka mpaka nikachoka. Muuza nta wa Ipole alikuwa hajafika, na aliyefika alitaka kuniuzia asali. Nilipopata kipande cha nta na kurudi, adhuhuri ilikuwa imepita, na mwenyekiti alikuwa na mgeni, mwanamke anayesafiri kwenda Igunga na basi la alasiri. Alitaka hereni ndefu za vishada na bangili ya kufanana nazo, rangi ya bluu, na wenzangu wote walikuwa na oda. "Mwalimu, kaa."

Nikakaa. Kwenye ungo, katikati ya zile bluu zetu za kila siku, niliona nyingine zilizokolea kama wino. Sikuuliza zimetoka wapi, maana kwetu haiulizwi. Nilizichagua moja moja. Zilikuwa nzito kidogo, zina baridi vidoleni, na matundu yake yalipinda hivi, kila moja kivyake. Nilizimaliza zote. Kwa mara ya kwanza mwenyekiti aliishika kazi yangu, akaigeuza, hakufumua hata uzi mmoja. "Leo umeiva." Mgeni alizivaa pale pale. Akasimuliwa hadithi ya misafara, na siku hiyo hata sikukunja uso, kwa jinsi nilivyofurahi.

Alipoondoka nikanyoosha mkono kuchukua kopo langu. Lilikuwa limefudikizwa ukutani, limeoshwa, linakauka.

Nilipiga kelele ambazo sijawahi kupiga hata darasani. Niliwaita wezi. Nikauliza tangu lini vitu vya mtu vinamwagwa bila kuulizwa. Mwenyekiti aliniacha nimalize. "Lilikuwa kando ya ungo, mwalimu," akasema. "Na unajua." Nilijua, na ndiyo maana nilizidi kupiga kelele. Aliita bodaboda akaenda stendi mwenyewe, na umri wake ule. Basi lilikuwa limekwisha ondoka, na namba ya simu ya yule mgeni hakuna aliyekuwa ameichukua. Shanga pekee za kweli tulizowahi kuuza zilikuwa njiani kwenda Igunga, nimezitunga mimi kwa mikono yangu.

Kesho yake nilimleta mama. Sikumficha neno. Aliomba tu afikishwe kwenye ungo.

"Shikamoo bibi," wakasema wote.

"Marahaba wanangu. Nipeni nyeupe."

Akawa anachukua shanga moja, anaigusisha kwenye meno, anaiweka kulia au kushoto. Alimwambia mwenyekiti kwamba kioo kina baridi, plastiki haina. Asubuhi nzima alifanya hivyo. Rundo la kulia lilipofika kutosha uzi mzima, akasema, "Sasa za bluu." Alizipitia zote. Mwisho alifuta vidole kwenye khanga.

"Hakuna hata moja."

Nikamuuliza, hatimaye, mbele za watu, zile za bluu zilikuwa za nani.

"Kwa hiyo umeona kwamba ni bluu," akasema. Hilo kwanza. Kisha akasema, "Zilikuwa zako."

Nilipaswa kushukuru, maana zilizosalia ni za marehemu na nisingejisamehe kama ningemuuza yeye. Sikushukuru. Nilipandwa na wivu wa kitoto, mtu mzima mimi mwenye mvi, nikamwambia mbona hata halii.

"Nilie nini? Wewe si upo?"

Halafu akazikusanya zile nyeupe, akazitia kiganjani mwa mwenyekiti, siyo kwangu. "Nitungie wewe. Huyu mkono wake bado." Wenzangu waliangalia mkeka. Mwenyekiti aliutunga uzi siku ile ile, kwa nta niliyoileta mimi, na lazima niseme aliutunga vizuri.

Ndugu yangu anakaa shingoni mwa mama peke yake sasa. Fundo hulegea, kwa hiyo kila asubuhi nalifunga upya, na kila asubuhi nalalamika kwamba mwenyekiti angeweka kishikizo. Mama ananisubiri nimalize. Kisha anaushika mkono wangu, anauweka pale uzi wa pili ulipokuwa ukilala, anauacha hapo mpaka chai ichemke. Nina kazi zangu za kufanya. Lakini mkono siutoi.