Kamba ya Mbio za Masaisi

Zamani za Mwingereza, kabla ya vita ya Hitla, mume wangu alikuwa saisi, mtunza farasi wa Mzungu mmoja hapa Mwanza. Kazi yenyewe sikuiogopa. Kumsugua farasi, kumpa maji, kumwashia moshi jioni ili mbung'o wasimsogelee, hayo yote ni sawa na kulea ng'ombe anayedeka. Nilichoogopa ni siku moja tu katika mwaka, siku ya mbio. Wazungu walianza kushindana wenyewe, na mwishoni masaisi nao wakapandishwa farasi ili watu wacheke kidogo kabla ya kurudi nyumbani.

Mwaka mmoja hatukucheka. Na kosa lilikuwa letu, si la farasi. Sisi Wasukuma tumelelewa na mashindano ya ngoma: makundi mawili yanacheza, kila moja upande wake wa uwanja, na lile linalokufurahisha unalikimbilia. Wenye watu wengi ndio washindi. Basi watu walipomwona saisi mmoja wa mtaani kwetu Igogo, jirani yetu, ametangulia, wakafanya walichokijua tangu utoto. Wakamkimbilia, na farasi wengine walikuwa bado wanakuja. Farasi mmoja alivunjika mguu, akapigwa risasi palepale. Jirani yetu alivunjika nyonga, na mpaka anaingia kaburini alitembea kwa kujivuta.

Kwa hiyo siku ile ilipokaribia tena mwaka uliofuata, niliamua kumzuia. Nilimwambia mume wangu, "Baba watoto, sema unaumwa."

"Nikisema naumwa atapandishwa mwingine," akanijibu. "Naye ana mke."

Nilinuna siku nzima. Alikuwa amekwisha kumwomba msimamizi wa mbio aweke uzio, akaambiwa, "Waambie watu wenu wasiingie." Hayo ni kama kumwambia mbuzi asiguse mahindi.

Ikabidi tujitafutie dawa wenyewe. Mke wa Mhindi mmoja mnunuzi wa pamba alikuwa mteja wangu wa mboga, nami nikamwangukia. Akazungumza na mumewe, tukaazimwa kamba za kufungia robota za pamba, tukaziunga mpaka zikatosha upande ule wanaosimama watu. Vigingi ndivyo vilivyotushinda. Ukichimba shubiri moja unagonga mwamba, Mwanza yote imekaa juu ya mawe. Nikawaendea wanawake wenzangu wa kikundi cha kulimiana, nikawaambia vigingi tutakuwa sisi. Walinicheka sana, kisha wakakubali. Hata mama mkwe alikuja, ingawa alikuja akinung'unika.

"Mtu ashinde, asikimbiliwe," alisema, "ameshinda nini sasa?"

Siku ya mbio tulijipanga, kamba ikiwa usawa wa kiuno, migongo yetu kwa watu na nyuso zetu kwa farasi. Mimi nilishika ncha ya mwisho, karibu na mahali pa kumalizia, mama mkwe akiwa kushoto kwangu. Nyuma yetu watu walisukumana kama siku ya mnada. Masaisi wakaachiwa. Nikamtafuta mume wangu kwa macho, nikamwona, naye alikuwa mbele. Mungu anisamehe, nilimwomba amfanye mume wangu awe wa mwisho.

Hapo mwanamume mmoja, mpenzi mkubwa wa ngoma, akapenya chini ya kamba, akaingia njiani akipunga mgwisho wake kwa furaha. Farasi akashtuka, akaruka pembeni. Mume wangu akatupwa chini. Yule bwana akatimua mbio, mgwisho ukabaki mavumbini.

Mume wangu hakuinuka. Nyuma yake farasi watatu walikuwa wanakuja.

Watu wote walitaka kwenda. Nilihisi uzito wao mgongoni, kamba ikanikata viganja. Wanawake wakageuka kunitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyewaomba, na nilijua nikiachia wataachia wote. Njia ingejaa watu, farasi wale wangekosa pa kupita, na aliyelala chini angekanyagwa na wote, watu na wanyama.

"Achia!" mama mkwe alilia. "Mwanangu anakufa, achia!"

Sikuachia. Nilijikojolea, sioni haya kusema. Wale masaisi watatu walikuwa na njia nzima ya kukwepea, wakamzunguka, wawili huku, mmoja kule. Wa mwisho alipopita ndipo nilipoitupa kamba nikakimbia.

Alikuwa amevunjika mtulinga na meno mawili. Alipona. Lakini Igogo walinisema muda mrefu, kwamba ni mke gani huyu, mumewe ameanguka naye amesimama anamtazama. Mama mkwe aliyasema hayo jioni moja mbele ya mwanawe mwenyewe, mkono wa mwanawe ukiwa bado umefungwa.

"Hakukukimbilia," alimwambia. "Nilikuwa pale. Nimeona."

Mume wangu alimgeukia.

"Mama, nilikuwa nimelala chini, siwezi kugeuka," akasema. "Nilikuwa nasikiliza miguu ya watu. Niliposikia haiji, nikajua yupo kwenye kamba."