Pati ya Wifi na Bitumbua vya Mama

Padri akihubiri juu ya kugeuza shavu la pili, mimi hutazama viatu vyangu. Nasali, natoa sadaka, najua nyimbo zote za Noeli. Lakini ukimdharau mama yangu mbele yangu, nitakungoja. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, hakulijua hilo siku nilipoolewa. Sasa analijua.

Mama amekaanga bitumbua tangu nikiwa mgongoni mwake, pale Katuba, mtaa wetu wa watu wa kawaida, karibu na lango la shule. Ni maandazi ya duara ya unga wa ngano, mekundu nje, mepesi ndani, na yeye huukanda unga wake mpaka jasho linamtiririka puani. Sare zangu za shule, daftari zangu, hata viatu vyangu vya komunyo ya kwanza vilitoka ndani ya karai lile la mafuta. Kwa hiyo Noeli ya kwanza baada ya ndoa yangu, tulipoalikwa kwa wifi kule Golf, mtaa wa wenye fedha, mama hakujiuliza alete nini. Aliamka akakaanga, akapanga bitumbua kwenye beseni jipya, akafunika kwa kitambaa alichokipiga pasi, akavaa kitenge ambacho hakuwa amekivaa bado. Kwenye teksi alilipakata lile beseni magotini na hakutaka nimsaidie.

Mama mkwe, anayeishi kwa wifi, alikuwa bado hajarudi kutoka misa. Wifi ndiye aliyetupokea. Meza yake ilikuwa imejaa vitu vitamu vya Kifaransa: nyota zenye jemu katikati, vijiti vilivyosokotwa na kunyunyiziwa sukari, vyote vimeinuka kurasa kurasa, ukiuma vinavunjika na kukumwagikia kifuani. Alifunua kitambaa cha mama kwa vidole viwili, akachungulia, akamwita msichana wa kazi.

"Peleka hibi kwa sentineli," alisema. "Ku meza hakuna tena nafasi."

Sentineli ni mlinzi wa lango. Na nafasi mezani ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu, ungeweza kumlaza mtoto pale. Mama alibaki amesimama, mikono bado mbele, kama bado anashika beseni. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kiti, akanywa soda nusu, akasema kichwa kinamuuma. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Pale langoni yule mlinzi mzee, mdomo umejaa, alimshukuru sana. Mama akamjibu kwa adabu. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumba ile, wala kwa ubatizo, wala kwa kilio.

Mume wangu aliniambia niache. Dada yake ndivyo alivyo, alisema, na yeye mwenyewe alikuwa akishinda kule Kinsevere kwenye mgodi, akirudi anataka amani. Nikamwambia amani ataipata. Lakini moyoni nilijua ninachotaka. Nilitaka mama yangu aingie tena katika nyumba ile, akae mezani, na yule mwanamke amwombe bitumbua kwa mdomo wake mwenyewe. Radhi sikuitaka. Radhi ni maneno, na wifi ana maneno mengi.

Kila Noeli ilibidi niende, nile, na nisikilize. Maana wifi hakupakua bila hotuba. Alisimulia jinsi masista walivyomfundisha pati hiyo, pâte feuilletée, unga wa kukunjwa na siagi, zamani akiwa mwanafunzi wa bweni. Jinsi anavyoamka kabla ya jogoo, anavyoweka siagi ndani ya unga, anakunja, anasukuma, analaza kwenye baridi, anakunja tena. Mgongo unauma, alisema, lakini kwa ajili ya familia atafanya nini? Wanawake wa parokia walitikisa vichwa kwa huruma. Mwaka mmoja nilijikaza nikamwomba anifundishe. Alinishika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja kama anayechagua nyanya.

"Franchement, wifi yangu, mukono ya muntu ya kukaanga bitumbua haiwezake hii pati. Iko kazi ya wenyewe."

Nilicheka pamoja na wote. Nilicheka vizuri sana, mpaka mume wangu akaniangalia kwa wasiwasi.

Sasa, mimi ni mfanyabiashara mdogo. Naenda Kasumbalesa, mpakani, kuchukua nguo za watoto na sabuni kutoka upande wa Zambia. Na kila mwaka Noeli ikikaribia, wifi alinituma jambo moja. Rafiki yake wa upande wa pili angenipa sanduku la plastiki la kutunzia baridi, glasieri, limefungwa kwa utepe pande zote. Ni dawa ya sindano, aliniambia, ya mama mmoja wa parokia mwenye ugonjwa wa sukari. Nisilifungue, hewa ingeiharibu. Nami, pamoja na chuki yangu yote, nililibeba sanduku lile kama mtoto mchanga. Mgonjwa hana kosa.

Mwaka mmoja malori yalikuwa yamefunga barabara. Kila aliyepita Kasumbalesa anaijua foleni ile: madereva wanapika kando ya magurudumu, wabadilisha fedha wanapita na mabunda yao, na wewe umekaa ndani ya gari dogo lisiloenda mbele wala nyuma. Jua la Desemba kati ya mvua mbili ni kali kuliko la Oktoba. Nikasikia maji kwenye paja langu. Glasieri ilikuwa inavuja.

Nilishtuka kweli. Nilimfikiria yule mama wa parokia, ambaye hata sura yake siijui, akichomwa dawa iliyooza siku ya Noeli kwa sababu yangu. Nikamkimbilia mwanamke aliyekuwa akiuza samaki wa barafu, nikanunua barafu yake, nikaomba Mungu anisamehe, nikakata utepe.

Hakukuwa na sindano. Kulikuwa na maboksi marefu membamba, yamepangwa kwa ustadi, na juu ya kila boksi picha: nyota yenye jemu katikati, na vijiti vilivyosokotwa, vimenyunyiziwa sukari. Pati iliyokwisha kukandwa, kukunjwa na kusukumwa na mashine ya watu wengine. Kazi ya mnunuzi ni kuikunjua tu, pamoja na karatasi iliyoviringishwa nayo.

Nilikaa chini, pale kwenye vumbi, kati ya lori la saruji na lori la salfa. Muuza samaki akaniuliza kama ni dawa imeharibika. Nikamwambia hapana mama, dawa iko muzuri, iko muzuri kabisa. Nikaanza kucheka, machozi yakanitoka, na hasira ikaja nyuma ya kicheko. Miaka yote nilikuwa nimeupakata magotini uongo wa yule mtu aliyemfukuza mama yangu mezani. Nikaelewa pia kwa nini hakununua mjini. Kwenye friji za supamaketi angekutana na nusu ya parokia.

Nilijaza barafu, nikanunua utepe mpya, nikafunga kama lilivyokuwa. Nikamkabidhi mwenyewe, langoni kwake. Aliniuliza kama safari ilikuwa njema. Nikamwambia njema sana, Yaya (ndivyo tunavyomwita dada mkubwa), na mgonjwa apone haraka.

Kesho yake nilikwenda supamaketi, mchana kweupe, nikanunua boksi langu na kulibeba bila kulifunika. La kwanza nililiua mwenyewe: umeme ulikatika, nikaliacha jikoni karibu na mbabula, jiko la makaa, siagi ikatoka jasho na pati ikanata kama gundi. La pili nikalitunza. Pati hii haitaki ushujaa, inataka baridi tu. Unaitoa ikiwa imelegea kiasi cha kukunjuka, unapaka jemu nusu yake, unaikunjia nusu ya pili, unakata mikanda ya upana wa dole gumba, unashika ncha mbili na kunyonga kama unayekamua nguo. Unapaka kiini cha yai, unanyunyiza sukari, unaitia kwenye tanuri lililokwisha kuwaka sana. Chai haijapoa, tayari imeinuka. Nilipouma cha kwanza nikaisikia sauti ileile ya mezani kwa wifi, na nikanyanyuka nikapiga makofi peke yangu.

Nilimpelekea mama boksi Katuba. Alikunjua pati, akaibonyeza kwa kidole, akaigeuza upande wa karatasi yake.

"Nani alikanda?"

"Mashine, mama."

"Basi ye anafanyaka nini?"

"Ananyonga tu."

Nilimweleza habari ya glasieri, ya foleni, ya hotuba za kila mwaka. Akanyonga kijiti kimoja, akakitazama, akanyonga cha pili vizuri zaidi. Kisha akasema, "Noeli nitakuja." Nilimuuliza kama atakaanga pia. Akakataa. Bitumbua vyake havingeingia tena mule mpaka viitwe.

Siku ya Noeli alivaa kile kitenge cha Noeli ile ya kwanza. Sinia lilikuwa mikononi mwake, limefunikwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi, na mimi nilitembea nyuma yake kama mlinzi wa askofu. Mama mkwe, ambaye safari hii alikuwa amekwenda misa ya kwanza na kurudi, alifurahi mpaka akasimama bila fimbo. Wifi alitabasamu kwa meno tu. Tukakaa. Hotuba ikaja: masista, siagi, mgongo. Nilimwacha amalize yote, sikumkata hata neno.

Halafu nikasema, kwa sauti ya mkwe mwenye heshima, kwamba mama yangu naye amejifunza pati kidogo, na angependa dada mkubwa amtazamie kazi yake kabla haijaingia motoni. Mama akafunua sinia. Pati ilikuwa bado bapa, juu ya karatasi yake. Akaanza kukata na kunyonga, pale mezani, mbele ya wote, bila haraka. Vijiti vikajipanga kimoja kimoja, ndugu wa vile vya wifi, tumbo moja.

Wifi aliinama kutazama. Nikaona shingo yake inabadilika rangi. Angenyamaza, ningeshindwa, sikuwa na ushahidi mwingine. Lakini namjua. Hawezi kuona mtu wa Katuba akisifiwa.

"Lakini hii ni ya kununua!" alipiga kelele. "Hii ni ya boksi! Muangalie ile karatasi ya chini, inakujaka nayo mule ndani!"

Mama hakuinua hata kichwa. "Njo vile, mwanangu, ni ya kununua. Miye nilisema niliikanda?"

Mume wangu, mtu wa amani, aliweka kijiko chini.

"Yaya, weye ulijua namna gani hii karatasi inakujaka mu boksi?"

Na mimi nikamsaidia wifi kujibu, kwa kuwa nimelelewa vizuri. Nikasema labda aliiona kwenye ile dawa ya sindano ninayombebea kutoka Kasumbalesa.

Mama mkwe ni mzee, ila hesabu ya namna hiyo haimpiti. Alimtazama binti yake, akatazama nyota zenye jemu, akasukuma sahani yake mbele taratibu. Akasema yeye meno yake yanataka kitu laini, na tangu harusi anaambiwa mama wa Katuba ni bingwa wa bitumbua, mbona hajawahi kuviona?

"Alibileta, mama," nilisema. "Mwaka ya kwanza. Yaya alibituma kwa sentineli."

Nimeishi na sentensi ile mdomoni miaka yote hiyo. Kuitoa kulikuwa kutamu kuliko kila kitu kilichokuwa juu ya meza.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alimwambia binti yake asimame. Akamwambia amwombe mama wa watu bitumbua vya Bonané, yaani Mwaka Mpya, sasa hivi, watoto wote wakisikia. Na wifi, mwanamke wa Golf, mwenyekiti wa hiki na kile parokiani, alisimama, akashika ukingo wa meza.

"Mama," alisema, akitazama kitambaa. "Utatuletea bitumbua ya Bonané?"

Mama yangu alimaliza kunyonga kijiti alichokuwa nacho. Akapangusa vidole kimoja baada ya kingine. Nilidhani atalia, mimi mwenyewe nilikuwa tayari nalia. Lakini alimwinulia uso mwema kabisa, uso ule anaowapa wateja wake wa asubuhi.

"Nitabileta, mwanangu, bingi sana. Nitabiacha kwa sentineli."

Na hivyo ndivyo alivyofanya. Asubuhi ya Bonané tulifika na beseni, likitoa mvuke chini ya manyunyu, na mama hakukubali kuvuka lango. Mlinzi mzee aliliweka kwenye kiti chake na kulifunika kwa koti lake la mvua. Wifi alitoka mwenyewe kulichukua, na kandambili zake za nyumbani, katika matope mekundu, huku mama mkwe akimwangalia dirishani. Ilibidi asubiri kidogo. Mlinzi alikuwa hajamaliza kujipimia vyake.