Pumba Nilizopeleka Yakobi

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili. Nimechuma chai Lupembe, nimepasua mbao, nimelala katika vyumba vya watu wengi. Lakini basi likipita karibu na kijiji cha Yakobi huwa natazama upande wa pili.

Pale nilikuwa nakamua ng'ombe wawili wa mama mmoja mjane. Kikombe cha kwanza nilimpa mjukuu wake, cha pili nikatilia chai yangu, yaliyobaki nikapeleka kituo cha kukusanyia maziwa. Pumba zikiisha, nilidandia Fuso kwenda kuzichukua mashineni Makambako.

Huko niliona mahindi yaliyoshika ukungu, mengine ya kijani, mengine meusi, yakisagwa na kuchanganywa na pumba. Nikauliza, maana mimi huuliza kila kitu.

"Ng'ombe ana matumbo manne," mwenye mashine akacheka. "Wewe unalo moja na unakula kwa mama ntilie. Pakia."

Nikapakia.

Baadaye mtaalamu wa mifugo alikuja kituoni kufundisha. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza hadi mwisho. Alisema sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, haiishii tumboni mwa ng'ombe. Hutoka na maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Kesho yake nikaanza kunywa chai ya rangi. Mama aliponiuliza, nikasema maziwa yananisumbua tumbo. Pumba sikuacha kuleta. Kusema kungekuwa kukiri yale niliyokwisha kupakia, na nyumba ile walinipenda.

Mtaalamu akarudi kupima maziwa ya kila mfugaji. Ya kwetu yakakataliwa. Akamuuliza mama anawalisha nini ng'ombe.

"Pumba analeta mwanangu huyu, hawezi kuniletea kibaya," akajibu. "Labda mahindi yangu. Huwa nawapunguzia ng'ombe kidogo, na masika paa la ghala lilivuja."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na ndoo mkononi.

Mtaalamu alisema atarudi kuchukua sampuli za vyakula vyote. Mama hakungoja. Mahindi yale ndiyo yaliyokuwa ugali wa mjukuu. Mchana ule ule tukachimba shimo nyuma ya miparachichi, tukaanza kumwaga chakula cha mwaka mzima.

Kwenye gunia la nne niliokota punje nikaing'ata. Ilikuwa kavu, ikapasuka kwa mlio.

"Mama, tuache. Mahindi yako ni mazima. Ni zile pumba." Nikamweleza yote, toka siku ya kwanza mashineni.

Aliweka debe chini.

"Ndiyo maana ulihamia chai ya rangi."

"Ndiyo, mama."

"Na kikombe cha mjukuu wangu ulikuwa unakimimina wewe."

Akashuka shimoni, akaanza kuyachota mahindi kwa viganja, akipuliza udongo. Nikashuka kumsaidia.

"Toka," akasema, bila kupandisha sauti.