Kibali cha Blauzi

Nimepiga gitaa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Nairobi, katika kumbi zenye mapangaboi na kumbi zisizokuwa hata na madirisha, na kila ninapohojiwa naulizwa swali lilelile: mzee, ulianzaje? Nikijibu kwamba miezi yangu minane ya mwanzo katika kazi ya bluzi niliitumia kutia vifungo, vijana wa redio hucheka kwa adabu, kisha hurudia swali wakidhani sikulisikia. Nimelisikia. Naandika jibu hapa ili nisiulizwe tena.

Mjomba wangu alikuwa mpishi wa Wamarekani waliokuwa na mitambo yao Tunguu, ile ya kufuatilia vyombo vya angani. Jumapili nikipanda gari la shamba kwenda kumtazama. Nyuma ya jiko lake ndiko nilikomkuta fundi mmoja wa mitambo, mrefu mpaka magoti yake hayana pa kwenda, akipiga gitaa kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia katika taarabu wala katika dansa. Alikuwa amevaa kichupa kidoleni, akikipitisha juu ya nyuzi, nyuzi zikilia. Sikufahamu neno hata moja la alichokuwa akiimba. Nilifahamu tu kwamba yule bwana analalamika, na mimi kulalamika nakuweza tangu utotoni. Nikamwomba mjomba amuulize inaitwaje hiyo. Inaitwa bluzi, akaambiwa. Nikawa naenda kila Jumapili, nikikaa kwenye gunia la viazi na kuangalia vidole vyake, mpaka akachoka kuangaliwa akanipa gitaa nishike.

Miezi michache baada ya Mapinduzi Wamarekani wakaambiwa wafungashe mitambo yao waondoke. Yule fundi hakutaka kubeba gitaa, akaniachia. Mjomba alikosa kazi siku ileile niliyopata gitaa, na hakuacha kunikumbusha.

Kwetu ni Ng'ambo, nyumba ya vyumba vitatu, na chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani. Mama alishona nguo za wanawake wa mtaa mzima. Kichupa changu cha kidoleni nilikipata kwake: cha mafuta ya cherehani, nilichokimwaga kabla ya kuomba, na kwa hilo nilisikia maneno siku tatu. Nilipiga jioni, mama akiwa ameinamia kitambaa, na alisema mara moja tu kwamba wimbo wangu haufiki mwisho. Nikamweleza kwamba ndivyo ulivyo. Akasema basi kasoro ni yao waliouanzisha.

Kilikuwepo kikundi cha dansa mjini kilichotaka mpiga gitaa, kwa sababu mpigaji wao wa kwanza alikuwa amehama. Walinisikiliza, wakanipenda, wakaniambia nafasi ni yangu nikileta karatasi. Kila kitu wakati ule kilikuwa karatasi. Tangazo lilikuwa limetolewa kwamba vikundi na wapigaji wote waende afisi ya mtaa na vyombo vyao, vikaandikishwe, na asiye na kibali asithubutu kusimama jukwaani. Wale jamaa walisema watanisubiri, lakini si mwaka mzima.

Nikaenda asubuhi, nimevaa suruali iliyopigwa pasi na gitaa begani. Foleni ilikuwa ndefu: mzee wa udi, watu wa beni na matarumbeta yao, na mbele yangu bwana mmoja mwenye kodiani nzuri, nyekundu, aliyemweleza kila mtu kwamba alipewa na Muingereza aliyekuwa mkubwa wake wa kazi. Ndani alikuwapo karani mmoja peke yake, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kila mtu alijua kwamba zamani alikuwa mwalimu wa skuli. Hakuinua kichwa.

Ikafika zamu yangu. Akauliza jina, mtaa, chombo. Nikajibu. Akauliza aina ya muziki.

Nikasema bluzi, na nikaisema kwa sauti, maana nilitaka foleni yote isikie. Akaniuliza ni ya wapi hiyo. Kwa sauti ileile nikamwambia ni ya Marekani, na hata gitaa lenyewe nimepewa na Mmarekani wa Tunguu, nikataka na kumwonyesha lilipoandikwa mji lilikotengenezwa. Hapo ndipo alipoinua kichwa. Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi aliyekosa hesabu nyepesi, kisha akaniuliza mama yangu anafanya kazi gani. Nilishangaa linahusu nini. Nikamwambia ni mshonaji.

"Haya, nshaandika," akasema. "Chombo kitabaki hapa kwa ukaguzi. Njoo wiki ijayo."

Wiki iliyofuata nikapewa karatasi yenye muhuri mkubwa wa zambarau. Ilisema kwamba mtajwa hapo juu anaruhusiwa kujishughulisha na BLAUZI ndani ya mji. Nikaisoma mara mbili. Nikaigeuza nyuma, labda kuna maelezo. Nyuma hakukuwa na kitu.

Nilimwambia karani kwamba amekosea, kwamba mimi nilisema bluzi, b-l-u, nikamtamkia kama mtoto wa darasa la kwanza. Yeye, mtu aliyefundisha watu kusoma, akanijibu kwamba muhuri ushapigwa, na kubadilisha karatasi iliyopigwa muhuri ni kuuambia muhuri kwamba umekosea, na yeye hana ubavu huo. Na gitaa? Gitaa lipo kabatini. Lakini mimi kibali changu ni cha blauzi, na gitaa si chombo cha blauzi, basi anitoleeje? Alisema hivyo bila kucheka. Nilitamani angalau angecheka.

Niliporudi nyumbani mama aliisoma ile karatasi, akaikunja vizuri, akaitia chini ya mtoto wa meza ya cherehani. Alisema Serikali imeona mbali.

Sitaeleza mara zote nilizorudi pale afisini. Nilikwenda kwa upole, nikaenda na barua, nikaenda na mjomba, ambaye alitoa shikamoo kwa watu wasiostahiki na akaishia kuulizwa yeye mwenyewe anafanya kazi gani. Kila nikienda karani ananiambia neno moja: nenda ukashone. Nilimtukana barabarani, msikitini tukitoka, na dukani kwa Mhindi aliyeniuzia nyuzi. Nilisema ni kipofu, ni kiziwi, ni mtu aliyefukuzwa kusomesha kwa kutojua kuandika. Mitaani wenzangu walishaanza kuniita Bwana Blauzi, na hilo pia nililitia katika hesabu yake.

Kisha ikaja amri. Wasichana wa skuli walikuwa wakifanyishwa mazoezi ya halaiki, watacheza uwanjani mbele ya wakubwa, na walihitaji blauzi nyeupe. Afisi ikafungua daftari kutafuta mwenye kibali cha blauzi. Nilikuwa peke yangu. Akaletwa kijumbe na jora la kitambaa mpaka mlangoni kwetu, na hakuna mtu aliyeniuliza kama nataka. Nilimwambia mama kwamba sishoni, mimi ni mpiga gitaa. Mama akaniuliza gitaa liko wapi.

Basi nikashona. Kwa usahihi, mama alikata na kushona, nami nikatia vifungo, nikapiga pasi, nikakunja. Siku za mwanzo nilijichoma sindano kwenye vidole vilevile vya kubana nyuzi, na kila tone la damu nililopangusa nilimtaja karani kwa jina. Mama alisema nisiteme laana juu ya kitambaa cheupe. Mola anisamehe, nilikuwa nakipigia kitambaa mdundo wa bluzi kwa vidole bila kujua, na vifungo vingine vilikwenda upande. Blauzi zikapelekwa. Zikasifiwa. Wiki iliyofuata likaja jora jengine.

Wale jamaa wa dansa walipita kunijulia hali, wakanikuta na futi ya fundi shingoni. Waliuliza karatasi. Niliwaonyesha. Mmoja wao ilimbidi atoke nje kucheka. Aliyebaki akaniambia, kwa upole ambao ulinichoma zaidi, kwamba wameshasubiri sana, na kwamba wameona kijana mwengine. Hata hivyo watanipa mwezi mmoja wa mwisho.

Nikaondoka papo hapo kwenda afisini, na futi yangu shingoni. Sikubisha hodi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya miezi minane na nilikusudia kuyasema yote, hata wakinifunga.

Karani alikuwa amesimama, peke yake, mlango wa kabati wazi. Juu ya meza lilikuwapo gitaa langu, limelazwa juu ya gunia. Alikuwa akilipangusa kwa kitambaa kikavu. Nyuzi zilikuwa zimelegezwa, ili shingo isipinde; ndani ya tundu palikuwa na kifuko cha makaa, cha kunyonya unyevu. Lile gitaa lilikuwa safi kuliko nilivyolileta. Mimi mwenyewe sikuwahi kulipangusa hata siku moja.

Akaniambia nifunge mlango. Nikaufunga.

Pembeni ya gitaa palikuwa na kibali kipya. Kilisema muziki wa dansa. Alinieleza kwa sauti ya chini, akiendelea kupangusa, kwamba sasa mambo yametulia kidogo na anaweza kukitoa, lakini nikiulizwa na yeyote niseme napiga dansa. Ile bluzi yangu niipige humohumo ndani ya dansa. Nisitaje ilikotoka, na lile jina la mji kwenye gitaa amelikwaruza.

Nikaangalia. Kweli, lilikuwa limekwaruzwa, kwa uangalifu, bila kuharibu mbao.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nlijua tangu siku ile."

Ndipo akaniambia habari ya yule bwana wa kodiani. Daftari la afisi lilikuwa likipelekwa juu kila mwisho wa wiki, na wakubwa walilisoma mstari kwa mstari. Yule bwana karani alimwandika kama alivyosema mwenyewe, kwamba chombo amepewa na Muingereza, na wino ulipokwisha kukauka ndipo alipoogopa. Bwana yule akaitwa aeleze zaidi. Alirudi baada ya wiki mbili, na tangu arudi hajamsimulia mtu, hata mkewe. Kodiani haikurudi. Mimi mstari wangu ulikuwa unafuata, na mimi nilikuwa nimetaja Marekani mara mbili na Tunguu mara moja, mbele ya watu thalathini. Karani alitafuta neno lililo karibu zaidi na nililolisema, ili hata aliyenisikia foleni asiwe na la kumpinga, na mama yangu alikuwa na cherehani.

Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikapandisha sauti. Nikamwambia angeniambia, angeninong'oneza neno moja tu, nisingehangaika miezi minane, nisingeitwa Bwana Blauzi mji mzima, nisingemtukana yeye kila kona.

"Ningekwambia, ungenyamaza?" akauliza.

 Sauti yangu ilikuwa bado inasikika nje, hata kwa mlango uliofungwa.

Nilichukua gitaa, nikachukua karatasi, nikatoka. Sikumwambia ahsante. Hasira niliyoilea muda wote ule haikuweza kugeuka pale mlangoni, na kwa kweli nilikuwa namkasirikia bado: kwa kunijua vizuri, kwa kunifanya mjinga wa kuokolewa. Nilidhani nitarudi siku nyingine, nikishapoa.

Nilirudi baada ya wiki tano, baada ya kupiga na kile kikundi mara tatu, na watu wakapenda, ingawa vidole vilikuwa vimelainika na vikitoka damu kila wimbo. Kwenye meza alikaa karani mwengine, kijana mnene mwenye kalamu mbili mfukoni. Nikamuuliza wa zamani yuko wapi. Akasema amehamishwa. Wapi? Akasema hajui, labda Pemba, na akaniuliza kwa nini nataka kujua.

Ilikuwapo foleni nyuma yangu. Nilikuwa na mengi ya kusema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliyarudisha yote ndani. Nikasema nilikuwa namuulizia tu, bila sababu.