Salamu za Ngazi ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Iringa, Mhandisi Mkuu alinikabidhi redio ya upepo, ile ya kuitana kituo kwa kituo, akaniambia, "Kijana, hapa tunalinda maneno ya serikali. Domo lako liache getini." Nikaliacha. Nilijifunza usimbaji, yaani kuvuruga maneno yakiwa hewani ili mdukuzi asiambulie kitu, na nilipanda minara mpaka Mafinga nikirudi na utomvu wa misonobari kwenye suruali.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, nikapewa kazi niliyojivunia kuliko zote: kuandika kanuni za mtandao mmoja wa redio wa serikali na jeshi. Kilichotuumiza vichwa ni kipaumbele. Njia zikijaa, nani akatwe ili nani apite? Nikapanga ngazi tano kwa vyeo, nami kama msimamizi nikajiweka ya kwanza.

Sekela, fundi mwenzangu, alipinga kikaoni. "Kaka, tupange kwa jambo, siyo kwa cheo. Mwenye shida ndiye apite."

"Dada, wewe utamwambia Mkurugenzi asubiri?"

Wajumbe wakacheka, kanuni ikapita. Nilikifurahia kicheko kile, Mungu anisamehe.

Masika yalipofika, asubuhi moja mto ulifurika Usangu. Masanja, mtendaji wa kijiji huko, aliita redioni kuomba boti. Mkewe alikuwa amekwama juu ya kichuguu, maji yanapanda. Masanja alikuwa ngazi ya tano. Mtambo ukamkata katikati ya sentensi. Alipopata njia tena, kichuguu kilikuwa hakionekani.

Kumbukumbu za mtambo nilizisoma mwenyewe. Aliyemkata ni mimi, nikimsalimu Mkurugenzi aliyekuwa Iringa: za kuamka, za nyumbani, wazee hawajambo, mvua je huko? Kwetu huanzi kusema shida kabla ya kumaliza salamu. Na mimi hata shida sikuwa nayo.

Kanuni tuliibadilisha, kwa maneno yaleyale ya Sekela. Kwenye ripoti niliandika "msongamano", nikasaini.

Sasa nimestaafu. Juzi sokoni Uyole nilimkuta Masanja akiuza mchele.

"Shikamoo mzee. Si wewe ulikuwaga kule mitamboni? Hivi siku ile, nani alikuwa anaongea?"

"Wakubwa," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akachota mchele mwingine, akaniongezea kwenye mfuko. "Poleni na kazi, mzee wangu."

Nikaupokea.