Saburo wa Mtaa wa Mchikichi

Harufu ya ng'onda ndiyo iliyokuwa ikituamsha. Upepo ukivuma kutoka sokoni, harufu ya samaki mkavu iliingia mpaka vyumbani, ikachanganyika na moshi wa mkaa wa uani na mafuta ya nazi ambayo mama alikaangia vitumbua vya kuuza. Wenzangu wa rika moja wakisikia harufu hiyo leo, macho huwalegea. Mimi napandwa na hasira. Wao husifu Kariakoo ya miaka ya hamsini, eti watu walipendana, eti mtoto wa mmoja alikuwa mtoto wa wote. Labda kwao. Sisi tulipanga chumba kwa Bi Tatu, Mtaa wa Mchikichi, na Bi Tatu alimchukia mdogo wangu mchana kweupe, mbele ya wapangaji wote, na hakuna aliyemwambia aache. Nyumba ilikuwa yake, na mnyonge hana haki.

Alimchukia kwa sababu ya jina. Mdogo wangu anaitwa Saburo. Mimi nilizaliwa kabla baba hajachukuliwa kuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, na kupelekwa Bama, huko Asia, kupigana na Wajapani katika vita vya Wazungu. Huko aliwekwa kulinda mateka, na mmoja wao alijigonga kifua akasema, "Saburo," ndipo baba akajua jina lake. Homa ya msituni ikawafagia mateka wenzake mmoja baada ya mwingine, yeye ikamwacha. Baba akarudi Dar es Salaam akapata kazi ya kupakua mizigo bandarini, mama akazaa mtoto wa kiume, mtoto akafa. Akazaa wa pili, naye akafa kabla ya kutambaa. Watu wa pwani wanaijua dawa ya jambo hili: anayefuata hupewa jina la ovyo, aitwe Jaa, aitwe Takataka, ili mauti yakibisha hodi yaone hapa hakuna cha maana, yapite. Baba alisema yeye analo jina baya kuliko hayo, jina la adui, tena limekwisha kujaribiwa. Mama angekubali kumwita mwanawe hata Ibilisi, mradi apumue. Jina likakaa, na mtoto akakaa.

Sasa, Bi Tatu alikuwa na mtoto mmoja tu, Rajabu, aliyekwenda Bama na Keya hiyo hiyo asirudi. Hakuletewa maiti wala hakuonyeshwa kaburi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami sikatai kwamba aliungua. Lakini kuungua hakumpi mtu ruhusa ya kwenda kuwachoma wengine. Asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo, bibi," aliniitikia, "Marahaba." Saburo akimwamkia, aligeuza uso akatema mate kwenye majivu ya jiko. Alifanya hivyo kila siku aliyojaliwa na Mungu. Watoto wa mtaani wakamwona, wakaiga. Walimfuata mdogo wangu wakijivuta macho kwa vidole na kumwita Mjapani. Mwalimu wa chuo cha Kurani naye alimgeuza jina akamwita Saburi, akisema subira inajulikana katika dini, hilo jingine ni kelele tu. Basi Saburo akawa anachapwa chuoni kwa kutoitika Saburi, na mtaani anapigwa kwa kuitika Saburo.

Niseme hapa jambo nililolijua nikiwa mtu mzima, maana linanikera mpaka leo. Mjapani mmoja, fundi wa mitambo aliyekuja kufanya kazi nchini, nilimuuliza maana ya jina lile. Nilitegemea aniambie ni upanga au simba. Akasema ni jina la kawaida tu la mtoto wa kiume wa tatu. Kwao wamejaa akina Saburo, wauza samaki, walimu, hata mjomba wake mwenyewe. Mtoto wa kiume wa tatu. Baba alikufa bila kujua kwamba jina alilookota msituni lilimkaa sawasawa mwanawe wa kiume wa tatu. Na yule mwanamke aliyekuwa akitema mate, yeye mwenyewe aliitwa Tatu. Saburo alikuwa somo yake, jina lao moja. Kwa desturi yetu somo hapewi mgongo, hupewa tunu.

Masika moja, Saburo akiwa na umri wa kung'oa meno, Bi Tatu alikuja akasimama mlangoni petu baba yupo. Alisema mtoto aitwe Rajabu, au tuhame mwezi ukiandama. Baba hakupandisha sauti. Alimwambia, "Bi Tatu, hapa tunapokaa panaitwa Kariakoo. Ni jina la wapagazi wa vita vile vya kwanza, waliokufa njiani kama nzi. Mbona hilo hulifukuzi?"

"Wapagazi hawakumuua mwanangu."

"Wala mimi sikumuua."

"Wewe ulirudi," Bi Tatu akasema, na akaondoka.

Baba akaapa kwamba jina halibadiliki. Lakini baba alishinda bandarini, na aliyekuwa akigombea nafasi ya jiko uani ni mama. Chumba kingine katika mvua ile tungekipata wapi? Akaniambia kwa siri kwamba amemkubalia Bi Tatu: baba akiwa hayupo, mdogo wangu aitwe Rajabu. Alisema hivyo huku akiamini kabisa kwamba anamvua mtoto kinga yake. Kesho yake Saburo alimwamkia Bi Tatu, na kwa mara ya kwanza akasikia, "Marahaba, Rajabu mwanangu," akapewa na kashata. Alikuja kunionyesha huku anacheka na pengo lake. Alifurahi, maskini, kuitikiwa tu. Nilitamani kumng'ata yule mwanamke.

Haukupita muda homa ikampanda. Mchana wa Ijumaa akashikwa na degedege, wanawake wa nyumba nzima wakajaa chumbani, na Bi Tatu akajipenyeza akaketi kichwani pake. Akaanza kumwita, "Rajabu, Rajabu, njoo kwa mama yako." Alilia machozi ya kweli. Mama alikuwa anamkanda miguu kwa maji. Nilimwona akiacha kukanda. Jina la maiti, linaitwa na mama wa maiti, juu ya mwanawe wa kiume wa tatu. Alimshika Bi Tatu mkono akamtoa mpaka koridoni, kisha akasimama katikati ya ua, mvua inamnyeshea, akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Huyu ni Saburo. Ni Mjapani. Si mtu wa maana huyu, mpiteni." Akarudi ndani akamwita kwa jina lake mpaka sauti ikamkauka. Wengine watasema ni kwinini aliyoileta baba jioni. Semeni mtakavyo. Alfajiri mdogo wangu aliomba uji.

Tulihama kwenda Buguruni, godoro juu ya mkokoteni limefunikwa turubai. Bi Tatu alikuwa amesimama mlangoni. Saburo akamwambia, "Shikamoo, bibi." Hakujibiwa.

Nyumba ile imevunjwa, pamesimama ghorofa la kuuza vioo vya simu, na vijana wa pale wakisalimiana mambo, poa, hakuna anayeuliza mwenzake jina limetoka wapi. Siku hizi wazazi hutoa majina kwenye televisheni. Mimi naona nafuu, ingawa wazee wenzangu wanalalamika. Saburo ni babu sasa. Mwanawe wa kwanza alipozaliwa, alisimama mbele ya wageni akatangaza kwamba mtoto ataitwa Rajabu. Nilimvuta pembeni nikamuuliza kama amerukwa na akili. Akaniambia, "Dada, yule kijana hakuachiwa hata kaburi. Nani mwingine atamwita?"

Rajabu huyo amekua, ananipenda, ananiletea sukari kila mwezi wa Ramadhani. Mimi namwita "baba", kama mashangazi wote wanavyowaita watoto wa kaka na wadogo zao, na watu husema angalia shangazi anavyompenda. Kweli nampenda. Ila jina lake sijamwita nalo hata siku moja.